Miji Niliyoirudisha

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nashona sare za shule hapa Kilosa, cherehani yangu iko barazani, na kutoka barazani hadi jikoni ndiyo safari yangu ndefu ya siku. Mume wangu husema tukitaka kujua mpaka wa kiwanja chetu hatuna haja ya mpima ardhi, tutazame tu mahali ninapofika mimi kabla sijageuka.

Kwa hiyo mwaka jana niliposhinda mchezo wa kutafuta kitu kilichofichwa porini, familia nzima ilikataa kuamini. Siwalaumu.

Mchezo aliuanzisha shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mikumi. Kiangazi kile alikuja Kilosa kutusalimia, akaondoka, kisha akatangaza kwenye kundi la familia kwenye simu kwamba ametuachia kibuyu kilichofungwa kitambaa chekundu, amekificha mahali. Atakayekipata atachinjiwa mbuzi. Maelekezo yatakuja kwa vitendawili, kwa sauti yake mwenyewe, na kicheko juu.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu fundi wake ni kipofu."

Hicho kilikuwa chepesi. Mchwa haoni, na nyumba yake ni kichuguu. Lakini vichuguu huku kwetu ni vingi kuliko nyumba za watu. Wifi yangu, dada wa huyo shemeji, alikwenda na baiskeli mpaka kijiji cha Ulaya akachungulia kila tundu, akarudi na miiba kwenye gauni. Ndipo shemeji akaongeza: "Treni huipigia honi, lakini haisimami."

Mguu ukaganda kwenye cherehani. Wenzangu walijua vichuguu vingi, wakabaki wanachagua. Mimi nakijua kimoja tu duniani, na hicho kiko upande wa Kimamba, karibu na pale treni inapowapigia honi ng'ombe wanaovuka reli.

Nikapanda bodaboda. Tulipokaribia nikamwomba dereva asimame, naenda kuchimba dawa. Kijana wa watu akageuza uso kwa adabu. Niliporudi na kibuyu chenye kitambaa chekundu, akakitazama, akanitazama mimi.

"Mama, hiyo dawa umeichimba kweli."

Nilituma picha kwenye kundi kabla sijavua viatu. Wifi akawa wa kwanza.

"Umenong'onezwa! Wewe hata njia ya mnadani unaulizia!"

"Nimetumia akili, wifi. Hukuniona nayo kwa sababu huwa naiacha ndani."

"Basi sema kilikuwa wapi."

"Mmeshindwa?"

"Tumeshindwa."

"Nipeni mji."

Nilijisikia malkia. Wifi akanipa Morogoro. Binamu mmoja akanipa Dodoma, mwingine Ifakara. Nikajibu kila mmoja, "Nimepokea." Na sheria ya kitendawili tunaijua sote: ukishapokea mji, huna ujanja tena, jibu lazima ulitaje.

Nilikuwa nakohoa kidogo ili nirekodi sauti nzuri, mama mkwe akaingia na gauni la kupunguza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unaichekea simu?"

Nikamsikilizisha vitendawili vyote, huku namwonyesha kibuyu. Mama mkwe akakaa polepole kwenye kigoda, gauni limebaki mapajani.

"Treni huipigia honi," akarudia. "Kile chetu?"

Hapo ndipo akili ninayoiacha ndani ilipotoka barazani. Kile ni kichuguu cha uyoga. Mvua za kwanza zikinyesha unachomoza pale kwa wingi, na mama mkwe huuchuma na kuuza sokoni. Uyoga ule ndio sabuni yake, chumvi yake na sadaka yake, na ndiyo sababu hajawahi kumwomba mtoto wake yeyote kitu. Yeye alionyeshwa na mama mkwe wake. Mimi alinionyesha nilipoolewa, akanifundisha tusirudi kwa njia tuliyojia, majani yasije yakalala yakawa njia. Wanawe wa kiume huula tu, hawaambiwi. Wifi naye hakuambiwa, maana binti huolewa akaenda na siri kwa watu wengine. Siku ile mama mkwe alinionyesha kwa kidevu kichuguu kingine jirani, kimebaki nundu ya udongo. Watu walikijua, wakaja na majembe, na mchwa wakahama.

Shemeji alificha kibuyu kiangazi. Kiangazi hakuna uyoga, na mtoto wa kiume akiona kichuguu anaona udongo.

"Ndicho, mama," nikasema.

"Umeshawaambia?"

"Bado. Ila miji nimeshapokea."

Akatazama ukingo wa baraza. "Mimi sikukatazi, mwanangu. Miji ni yako."

Afadhali angenikataza.

Alipoondoka nikampigia shemeji.

"Shemeji, nakuomba mahali pale usipataje."

"Kwa nini? Jumapili nilitaka kuwatumia picha."

"Usitume. Na mbuzi nakuachia."

"Mbuzi ni wangu tangu azaliwe, unaniachiaje? Pale kuna nini?"

"Kuna mchwa."

"Shemeji!"

"Kuna mchwa wengi."

Akacheka mpaka nikausogeza mkono wenye simu. Kisha akataja bei yake, na alijua pa kunibana. Atanyamaza, lakini mbuzi ataliwa Mikumi, nyumbani kwake, na mimi niwepo. Mimi! Tangu ahamie huko nilikuwa namwahidi kila mwaka kwamba nakuja.

Nikapanda basi la Mikumi nimekumbatia begi kama mtu anayehama nchi. Nyama ilikuwa tamu, sikatai. Tulipoanza kunawa, wifi akasimama.

"Haya, msafiri. Miji tumekupa. Jibu liko wapi?"

Nikasimama na mimi.

"Wifi, Morogoro yako hii hapa, nakurudishia, sikuigusa. Dodoma irudi kwa mwenyewe, na Ifakara pia. Nimekaa na miji yenu nikaona haya. Mtu wa barazani kama mimi ataitawalaje? Mikumi tu hii nimefika nimeshika roho mkononi."

Wakacheka, ila wifi hakukaa.

"Mji haurudishwi! Tangu lini? Mnaona? Hana jibu, alinong'onezwa!"

Shemeji akanyoosha mfupa juu. "Naapa sikumnong'oneza. Amekitoa pale pale nilipokiweka. Na pakitajwa, mwakani nitaficha wapi?"

Nilimwangalia mama mkwe. Alikuwa anachagua kipande cha nyama kana kwamba mazungumzo yale ni ya ukoo mwingine. Wifi hakuridhika. Mpaka leo jina langu kwenye kundi ni Mnong'onezwa, na nikituma hata salamu za asubuhi huuliza nimenong'onezwa na nani.

Mvua za kwanza ziliponyesha, mimi na mama mkwe tulikwenda kwa njia moja tukarudi kwa nyingine. Uyoga ulikuwa umetoka hadi pembeni mwa tundu ambamo shemeji alilaza kibuyu chake. Mwingi ukaenda sokoni, mwingine tukaupika na karanga. Shemeji alikuwa amekuja kutusalimia, akala akajilamba vidole.

"Mama, hivi uyoga huu mnautoa wapi?"

Mama mkwe hakuinua macho. "Nipe mji."

"Nakupa Mikumi."

"Mikumi ina tembo. Toa mwingine."

"Dodoma."

"Vumbi."

Shemeji akaendelea kutoa miji mpaka bakuli likaisha. Hata mmoja mama mkwe hakuupokea.