Pampu ya Bluu

Nilijitakia mwenyewe. Watanzania wote wa mtaa wa Guangyuan Xilu, huku ugenini tunakochuuza jinzi, waliniita Dokta, kwa kuwa nilijigamba kwamba nimefanya kazi duka la dawa kule Moshi. Kumbe huko nilikuwa mbeba maboksi tu.

Siku hiyo polisi waliingia jengoni kukagua pasi. Viza yangu ilikuwa imeisha, nikajifungia stoo na Zuhura, binti wa miaka saba niliyeachiwa na mama yake. Pumu ikambana. Mkobani mwake mlikuwa na pampu mbili za kuvuta dawa. Nikazipima mkononi kama tunavyopima jinzi, nzito ndiyo bora, nikampa ile nzito, yenye lebo inayong'aa.

Akatikisa kichwa, akachukua ya bluu, akavuta. Taratibu kifua kikafunguka, sauti yote ikamrudia.

"Dokta, hiyo ni ya kila asubuhi. Kwani udaktari hukusomea?"

Nje, buti za polisi zilizokuwa zikipita zikasimama mlangoni petu.