Siku Niliyomfisha Bi Zuhura

Nichekeni tu, nichekeni mpaka mbavu ziume, maana mimi mwenyewe nilishacheka nikamaliza, na haya iliniishia siku ile ile mbele ya mtaa mzima wa Malindi, mkono mmoja nimeshika upawa na wa pili nimeziba uso. Mpaka leo nikipita karibu na msikiti wetu wazee hunisimamisha wakaniuliza kwa adabu kabisa, "Binti, leo umetuulia nani?" Nami huwajibu, "Leo sijapata mtu, babu," tukaagana kwa salama.

Mambo yalianzia kwenye kompyuta. Miaka ile intaneti ndiyo kwanza imeingia mjini, tunapanga foleni kwenye vijiduka vya mashine, unalipia kwa dakika kwa hiyo unaandika mbio kama mtu anayefukuzwa, na sisi wanawake tulikuwa na kundi letu la barua pepe tuliloliita Kibaraza. Jina lilikuwa na sababu. Vibaraza vya mjini kwetu vimeshikwa na wanaume tangu enzi na enzi, wao ndio wanaokaa nje wakanywa kahawa na kuamua mambo ya dunia, sisi tunapita mbele yao mbio mbio kichwa chini, basi tukasema tutajenga chetu huko hewani ambako hakuna wa kutukodolea macho. Tulizungumza kila kitu: talaka, urithi, watoto wa kike kuachishwa skuli, bosi asiyejua mikono yake ikae wapi. (Na mapishi. Ugomvi mkubwa kuliko wote haukuwa wa talaka, ulikuwa wa urojo.) Kila mtu alikuwa na jina lake la humo, mimi nilikuwa Shubiri, na sura hatukujuana.

Ikaja fikra tukutane. Salma, mwanamke mwenye kazi nzuri ya ofisini, akapendekeza hoteli ya watalii ufukweni, kila mmoja alipe kiingilio, tule, tupige picha. Wengi wakashangilia. Kisha ikaja barua ya Subira. Subira alikuwa mkulima wa mwani kutoka Chwaka, kompyuta hajawahi hata kuigusa. Mpwa wake aliyekuwa akisoma mjini ndiye aliyemchukulia barua zetu na kumwandikia majibu yake, na majibu yake yalikuwa matamu kuliko yetu sote. Safari hii aliandika mistari miwili tu: "Nendeni salama. Mimi nikifika mlango wa hoteli wataniuliza pweza wangu nauzaje."

Iliniuma, nikaona hata aibu kwamba sikulifikiria hilo kabla yake. Nikaandika kwa hasira kwamba mkutano ufanyike nyumbani, pasiwe na kiingilio wala mwaliko, kila mwanamke aje na alichonacho, na asiye nacho aje na njaa yake. Salma akajibu kwa upole wake ule wa kuudhi, "Sawa, Shubiri, fanya. Mkutano ukifana tutafuata njia yako siku zote. Ukiharibika, twende hoteli na maneno yaishe." Nikakubali mbele ya kundi zima. Kwa hiyo jueni kwamba siku ile sikuwa napigania pilau. Nikiharibu, Subira na wenziwe ndio washatolewa Kibarazani, na mlango nimewafungia mimi.

Nyumba nilikuwa nayo, ya Bi Zuhura, mdogo wake bibi yangu mzaa mama, niliyekuwa nikiishi naye. Nyumba kubwa ya kizamani, ya ukoo uliowahi kuwa na mashamba na sasa umebakiwa na kuta. Wiki ile pumu ilikuwa imembana mpaka kikohozi chake kinasikika mlango wa tatu, lakini alikuwa keshapata nafuu, na nilipomwambia kuna wageni wanawake alifurahi mno. "Nawaje," akasema, "nshachoka kutazamana na kuta." Nilichokosa ni vyombo.

Sasa, mtaa wetu una vyombo vyake vya shughuli, masufuria ya kupikia umma, masinia na majamvi, vinawekwa kwa mtu mmoja na mwenye haja huenda akaazima. Aliyevitunza alikuwa Bi Kazija, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye yeye na Bi Zuhura walikuwa hawasemezani kwa miaka chungu nzima. (Maji ya kufulia yalidondoka kutoka roshani ya Bi Zuhura yakaziangukia kanga za Idi za Bi Kazija. Ndiyo hayo tu. Wote wawili walikumbuka mpaka rangi ya kanga.)

Siku ya mkutano niliamka alfajiri nikakata vitunguu, gunia zima karibu, mpaka macho yakavimba yakawa mekundu na pua ikawa inachuruzika. Nikenda hivyo hivyo kwa Bi Kazija, na njiani nikakata shauri dogo tu, ndilo lililoniponza: sitoeleza chochote. Maana kila nikieleza habari za kundi letu watu huniuliza kama tunatafuta waume wa Kizungu, na asubuhi ile sikuwa na nguvu ya kujibu.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba, mwanangu. Kheri?"

"Naomba masufuria, na majamvi yote. Kuna watu watakuja kwetu leo." Nikajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Akanitazama. Akainua uso akaitazama roshani ya Bi Zuhura, madirisha yote bado yamefungwa. Kisha akaweka mkono kifuani akasema kwa sauti ndogo, "Chukua, mwanangu. Chukua vyote." Nikajisemea moyoni, kumbe bibi huyu si mgumu kama wanavyomsema!

Asiye wa kwetu ataniuliza kosa liko wapi. Harusi kwetu huwa na mwaliko, mtu hupita nyumba kwa nyumba siku nyingi kabla, na usipoalikwa huendi hata kama mnachangia ukuta. Msiba ndio usio na mwaliko. Ukiona majamvi yanatoka ghafla asubuhi, hakuna aliyealikwa, binti wa nyumba ana macho mekundu na ndani mna mzee aliyekuwa mgonjwa, huulizi, kuuliza ni kukosa adabu. Unajitanda buibui lako unakwenda. Mimi mtoto wa Malindi niliyajua haya tangu sijaota meno ya pili, na siku hiyo yalinitoka yote kichwani.

Kabla sijachemsha hata maji, wanawake wakaanza kuingia. Wanaingia kimya, wamejifunika, wanakaa kwenye majamvi uani wamejiinamia. Wengi nilizijua sura zao, ni majirani, na hapo ndipo nilipozidi kupotea, kwa sababu Kibarazani tulikuwa na majina ya kujificha, nikadhani leo ndiyo siri zinafichuka. Nikamwona mama wa duka la nyuzi, mpole, hatukani hata kuku, nikasema moyoni, kumbe huyu ndiye yule Pilipili Mbuzi anayewachamba wanaume kwa maneno kila Ijumaa! Nikasimama katikati ya ua nimeshika upawa, nikatoa tabasamu la jino mpaka jino.

"Karibuni, jamani, karibuni! Siku yetu imefika! Msione haya, leo mtu aseme yote aliyokuwa akiyaficha!"

Wakatazamana. Mama wa nyuzi akainuka akanikumbatia kwa nguvu, akaninong'oneza, "Lia, mwanangu. Usijizuie, utarukwa na akili." Na mimi (Mungu anisamehe) nikajiona nina bahati, nikasema wanawake wa Kibaraza wana huruma ya ajabu.

Wenyewe wa Kibaraza nao wakaja, mmoja mmoja, wakikuta ua umejaa wanawake wanaofuta machozi, wakaamini kwamba mazungumzo yameshaanza na yameanzia penye uchungu. Salma akaingia na viatu vyake vya visigino, akavivua, akakaa jamvini. Bibi aliyekuwa ubavuni pake akamshika mkono akamwambia, "Dunia hii, mwanangu, ni ya kupita." Salma akaangua kilio. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa ametalikiwa mwezi ule na hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata sisi.

Mara mlangoni pakasikika kikohozi cha kiume. Alikuwa Mzee Haji wa msikitini, mtu asiyewahi kuchelewa maziko, kofia imenyooka, na nyuma yake kibaraza chetu na njia nzima vimejaa wanaume.

"Binti," akaniita.

"Naam, babu."

"Mungu akupeni nguvu. Jeneza nshalileta. Maiti yuko tayari, au waoshaji bado?"

"Maiti gani?"

Ua mzima ukanigeukia. Hapo Bi Kazija, aliyekuwa amejikunyata karibu na ngazi na sikuwa nimemwona, akapasua sauti, "Zuhura wee! Nisamehe, dada yangu! Kanga zenyewe hata sikuzipenda!"

"Unasemaje, Kazija?"

Sauti ilitoka juu. Bi Zuhura alikuwa anashuka ngazi taratibu, ananukia udi, wanja machoni, amevaa nguo zake za shughuli alizokuwa akizitafuta tangu asubuhi ili awapokee wageni.

"Hukuzipenda? Miaka yote hii umeninunia, na kanga hukuzipenda?"

Mayowe yaliyopigwa pale yalisikika bandarini. Mama wa nyuzi alitoka mbio akaacha kiatu, mfuniko wa sufuria ukaanguka ukabingirika mpaka miguuni pa Mzee Haji, na Bi Kazija akabaki ameganda, mdomo wazi. Bi Zuhura akatazama umati, akaliona jeneza mlangoni, akaniuliza mimi, "Nani kafa?"

Sikuwa na pa kujificha. Nikaeleza yote, vitunguu, kompyuta, waume wa Kizungu, mbele ya watu walioacha maduka na kazi zao kuja kumzika mtu anayenukia udi. Mzee Haji alikasirika, na ilikuwa haki yake. "Umewatoa watu makazini. Umetoa jeneza la Waislamu kwa ajili ya mkusanyiko wa kompyuta?" Nikamwona Salma ananitazama. Nikajua nimeshindwa, hoteli imepita, na nikaziba uso.

Wakati huo huo mtu akajipenyeza baina ya wanaume pale mlangoni, mwanamke mweusi wa jua, mwembamba, kapu mkononi. Akalipita jeneza, akatazama ua wote, akasema, "Ndimi Subira wa Chwaka. Pweza huyu hapa, si wa kuuza. Shubiri ni yupi?"

Nikainua upawa, uso bado nimeuziba. Bi Zuhura ndiye aliyejibu, kwa sauti ya mwenye nyumba.

"Shubiri ni huyu mpumbavu wangu. Pita, mwanangu. Watu washakuja, majamvi yashatandikwa, na mtu hatoki nyumbani kwangu na njaa, nimekufa sijafa." Akamgeukia Mzee Haji. "Na nyie mlikuja kunifanyia kazi. Siku ya maziko yangu msingepika? Basi pikeni leo, na mie nionje."

Nikaona masharubu ya Mzee Haji yanatetemeka, nikadhani anatukana, kumbe anacheka. "Rudisheni jeneza," akawaambia vijana, "kisha mje na kuni." Akakunja mikono ya kanzu.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoona maajabu. Kwenye msiba watu hawaji mikono mitupu, kwa hiyo mchele ulikuwapo, sukari ilikuwapo, samli ilikuwapo, zaidi ya vyote nilivyoweza kununua. Wanaume wakaupokea ua wa nyuma na masufuria, wakapika wao, wakapakua wao. Ndani hapakutosha, wanawake wakafurika nje, wakakaa wapi? Kibarazani! Kibaraza cha mawe chenyewe, mchana kweupe, mguu juu ya mguu, na wanaume wanapita mbele yao mbio mbio kichwa chini, na masinia mikononi.

Katika majirani waliokuja kwa msiba hakuna aliyeondoka, hata mama wa nyuzi alirudia kiatu chake akakaa. Subira alizungumza, hakupandisha sauti. Alisema nyumba anayolala ameijenga kwa mwani, tofali kwa tofali, lakini hati ina jina la kaka yake. Bibi mmoja wa mtaani ambaye hajui kompyuta ni mnyama gani akasema, "Na yangu mie vilevile." Kisha mwingine. Kisha Bi Kazija, aliyekuwa amekaa jamvi moja na Bi Zuhura wanagombea mto wa kuegemea. Tulianza pale pale kuulizana nani anajua pa kuanzia, na Salma, ambaye ofisini kwake wanajua mambo ya hati, akasema, "Mie ntakupelekeni."

Jioni Salma alinifuata tukiosha masinia. "Umeshinda, Shubiri," akasema. "Hotelini tusingempata hata mmoja katika hawa." Akasugua kidogo, kisha akaniuliza, "Lakini jeneza nalo lilikuwa la lazima?"

Tangu siku hiyo Kibaraza hakijakutana hotelini. Tunakutana majumbani, tunaazima vyombo vya mtaa, na kila mtu anaruhusiwa, kama msibani. Ila nimekula kiapo, na nimekishika: sitoi jamvi hata moja kabla sijamshika mkono Bi Zuhura nikamzungusha mtaa mzima, watu wamwone anapumua. Yeye mwenyewe ndiye anayenihimiza. Hujipaka wanja, husimama mbele ya kila kibaraza, huwangoja wanaume wanyanyue vichwa vyao kwenye vikombe vya kahawa, kisha huwaambia, "Mnaniona? Nzima. Basi leo kwangu kuna watu, njooni mpike."