Jaji wa Supu ya Kivietnam

Hata leo nikipita Ruangwa natazama chini. Mimi ni karani wa ghala la korosho Nachingwea. Mnunuzi wetu kutoka Vietnam, Bwana Minh, alitamani supu ya tambi ya kwao, na migahawa miwili ilikuwa imeanza kuipika. Nikajitolea kuwa jaji, ingawa supu yenyewe nilikuwa nimeiona kwenye simu tu.

Nachingwea tuliletewa supu na majani mabichi pembeni. "Dada, hata kuchemsha mboga ni kazi?" nikamgombeza mpishi. Akaenda kuyachemsha. Bwana Minh alikuwa ameshachomoa machache, akayatia mabichi kwenye supu yake.

Ruangwa, kwa Bi Somoe, tulipewa vibakuli vya tambi zilizolowa tui la nazi. Nikakamulia limau, nikamwagia pilipili, nikala huku jasho likinitoka.

"Hii ndiyo yenyewe," nikamwambia mgeni. "Nachingwea hawajui kitu."

Bi Somoe akatoka jikoni na birika, akakitazama kibakuli changu.

"Mwanangu," akasema taratibu, "supu bado iko motoni. Hizo tambi za sukari niliwapa mnywee chai."

Bwana Minh, aliyekuwa amemaliza zake bila limau, akasogeza kikombe amiminiwe.