Sauti ya Simone Mwenze

Kwa miaka kumi na sita Simone Mwenze ndiye aliyeanzisha nyimbo katika kwaya ya parokia yao huko Katuba. Baba yake alifanya kazi ya reli, na watu walisema binti amerithi mapafu ya garimoshi. Kisha rovu likaanza kumtoka shingoni. Alilifunika kwa kitambaa cha kitenge, mpaka kitambaa chenyewe kikashindwa. Akipanda ngazi za kanisa alihema. Akilala chali alihisi kama mtu amemkalia kooni.

Mdogo wake, Exaucée, aliyemwita Yaya kama dada mkubwa, alikuwa na hakika zake. "Yaya, ni bantu ba kwaya. Banakuonea wivu. Twende tuombewe."

"Tutaombewa. Lakini kwanza nitaona munganga."

Daktari Symphorien alimpima damu, akamwangalia shingo kwa mashine, wala hakumficha neno. Tezi imevimba mno, inabana njia ya pumzi, vidonge havitaipunguza. Itabidi iondolewe yote. Ila mishipa ya fahamu inayoongoza sauti inapita nyuma yake tu.

"Mama, uko naimba?"

"Njo kazi yangu ya kila siku ya Mungu."

"Basi nikwambie kweli. Sauti inaweza kupotea."

"Muntu bila pumzi ataimba nini? Muikate."

Alizinduka na nyuzi shingoni na sauti ya mnong'ono. Daktari alisema mishipa haikukatwa, imeshtuka tu, asubiri. Kusubiri hakukuwa tabia yake. Kila asubuhi, kabla ya chai, alimeza kidonge kinachofanya kazi ya tezi iliyoondoka, na hakuruka hata siku moja. Akichekecha unga aliguna noti moja ya wimbo, ileile kila siku, hata jirani akadhani anaumwa. Mazoezi ya kwaya alihudhuria yote, kimya, akiwafungulia wenzake kurasa.

Mwezi wa tano baada ya upasuaji noti ikatoka, nzito, ya chini. Akamwendea Godefroid, kiongozi wa kwaya.

"Kule kwa sauti za juu sitarudi. Abigaïl wa soprano anaweza kuanzisha nyimbo. Mi uniweke na ba alto, ba sauti ya chini."

Godefroid akamsogezea kiti cha safu ya nyuma, naye akakaa.

Jumapili moja baada ya misa, Exaucée alimshika mkono, akauweka shingoni pake mwenyewe, chini ya koo. Palikuwa na kivimbe kidogo.

"Yaya, nilikuwa naogopa kukwambia."

Simone akakipapasa taratibu. "Kesho saa mbili tutaenda wote kwa munganga. Kaa karibu yangu."