Alhamisi Baiskeli Zilipopita Githongo

Riungu alipotangaza kwamba ataendesha baiskeli kutoka Embu hadi Meru kuchangia utafiti wa ugonjwa wa sukari, watu wa Githongo walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mwenye duka la dawa za mifugo mjini Meru na tumbo linalomtangulia mlangoni, alikuwa amenunua kaptula ya kubana na kofia kama gamba la kobe. Kila Jumamosi alionekana akikwea mlima kutoka Nkubu, ulimi nje. Wakulima waliopanga foleni kiwandani kupima kahawa walimpigia mbinja.

"Riungu, umesahau suruali nyumbani!"

"Shuka uisukume! Hiyo si punda, haina huruma!"

Naye alijibu, akipata pumzi, kwamba anamwendeshea dada yake. Hapo walinyamaza, maana dada yake walimjua.

Gacheri ndiye aliyemlea Riungu mama yao alipofariki. Alimfunga mgongoni na kuchuma kahawa naye, na kitoto kile kikamlowesha asubuhi hadi jioni. Shule ilikwenda kwa Riungu, mikahawa ikabaki kwa Gacheri. Sasa alikuwa mjane, na mwanawe wa pekee, Munene, alikuwa Mombasa, ambako watu wa bara huenda kwa mwaka mmoja wakakaa kumi. Sukari ilikuwa imemkuta naye akaizoea, chai isiyo na sukari na vidonge, bila kulalamika. Kilichomponyoka ni miguu. Ilikufa ganzi polepole, kama wageni wanaotoka harusini mmoja mmoja bila kuaga. Siku moja alishinda shambani akipalilia, na jioni alipovua gambuti akamimina damu. Msumari ulikuwa umetoboa soli ukalitafuna dole gumba kutwa nzima, naye akiimba nyimbo za kanisa.

Alikwenda hospitalini mjini Meru kidonda kilipoanza kuwa cheusi. Daktari wa vidonda alikuwa Mwembu mmoja kijana, Ndambiri, mpole, mwenye haraka.

"Hili dole limekufa, mama. Alhamisi ijayo uje nilikate. Likitoka, mguu unabaki. Ukichelewa, hutanikuta nakata dole."

"Nitakukuta ukikata nini?"

"Wewe njoo tu Alhamisi."

Jioni hiyo hiyo Riungu aliingia uani akiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Kamati ya msafara wa baiskeli ilikuwa imekubali. Msafara ungelala Chuka, na siku ya pili ungeacha barabara kuu pale Nkubu, upande Githongo, waendeshaji wale chakula cha mchana nyumbani kwa Gacheri. Watu arobaini, na mpiga picha. Sura ya Gacheri tayari ilikuwa imechapishwa kwenye migongo ya fulana.

"Siku gani?" Gacheri akauliza.

"Alhamisi."

"Alhamisi ndiyo siku ya dole."

"Si ndiyo vizuri! Watu wajionee. Ijumaa asubuhi nakupeleka mwenyewe kwa gari. Siku moja tu, Gacheri. Hilo dole litakimbia liende wapi?" Akacheka, na Gacheri akacheka, kwa kuwa tangu utotoni hakuwahi kumwacha mtoto yule acheke peke yake. Alipofika langoni Riungu akageuka. "Na hiyo bandeji usiibadilishe sana. Ikiwa safi mno, picha haitasema kitu."

Kinya, jirani wa Gacheri, aliposikia, alikuja na jembe mkononi, hata hakuketi.

"Mama Munene, wewe ni mjinga ama unajifanya? Alhamisi alfajiri nakuitia bodaboda. Sisi wa kanisa tutapika."

"Wageni wangu wapokewe na wewe?"

"Kwani mimi ni fisi?"

"Watasema mwenye boma alitoroka."

"Watasema ni mgonjwa! Si ndiyo sababu wanakuja?"

"Wale watu wa Embu watafika kwao waseme kwa kina Gacheri tulipikiwa na jirani. Hapana, Kinya. Nikishawalisha, nitaenda."

Kuna nchi ambako mgonjwa hulala na kupikiwa. Kuna nyingine ambako hutozwa faini akikataa kulala. Kwenye miteremko hii ya kahawa, mwanamke hupimwa kwa sufuria yake, na kama ana pumzi ya kuonja mchuzi, basi hajaugua.

Siku mbili Gacheri alisimama. Alimenya viazi, akachemsha mahindi na maharagwe, akaponda mukimo mpaka mabega yakalia. Akakanda unga wa chapati. Kila kiungo kilimuuma isipokuwa ule mguu, na hiyo ndiyo ilikuwa hila yake: ulimbeba bila kunung'unika, kama mfanyakazi anayeiba. Alhamisi asubuhi Kinya, aliyekuja kusaidia licha ya hasira zake, alisimama katikati ya jikoni na kunusa.

"Kuna panya amekufia humu?"

Gacheri aliendelea kugeuza chapati. Kinya akatazama chini, akaona, akazishika kuni na kutoka nje kana kwamba zilihitaji kupasuliwa tena. Gacheri akauvisha mguu mfuko wa plastiki, akaufunga kwa kamba, akavuta soksi nene juu yake, ili wageni wasipoteze hamu ya kula.

Walifika jua likiwa limeshapinduka, wekundu, wamelowa, wakipiga kengele. Riungu alikuwa mbele, na kwa kweli alikuwa amekonda. Walipoinama kuegemeza baiskeli kwenye michongoma, Gacheri alijiona mgongoni mwa kila mmoja, akitabasamu, jasho likimtiririka usoni. Walimkumbatia. Walimwita shujaa. Wakala kama siafu. Mmoja mwenye miwani ya jua akanusa kikombe na kuuliza, "Mama, na sukari?" Wenzake wakaangua kicheko, akapigwa makofi ya mgongo, lakini Gacheri alikwishainuka kuleta bakuli. Alikuwa amewanunulia.

Ndipo alipomwona. Alikuwa amekaa kwenye kreti karibu na zizi, akitafuna chapati ya tatu, kofia ya kobe mapajani.

"Daktari."

"Mama! Chakula kitamu sana, Mungu akubariki."

"Uliniambia nije leo."

Ndambiri aliacha kutafuna. Alimtazama usoni, kisha akatazama mgongo wa mwenzake aliyekaa mbele yake, kisha uso tena. "Kliniki ya leo tuliifuta, mama. Wafanyakazi wengi wako hapa. Hamkuambiwa?"

"Nimeambiwa sasa."

Alimpeleka nyuma ya jikoni, akapiga magoti, akafungua kamba. Mpiga picha alikuwa amewafuata. Harufu ilipotoka, yeye ndiye aliyerudi nyuma. Dole halikuwa jeusi peke yake tena, na mstari mwekundu ulikuwa umepita kifundo ukipanda kwenye muundi. Ndambiri aliufuata mstari kwa kidole, akainuka.

"Huyu aende sasa hivi," alisema. "Si kesho. Sasa."

Ambulansi ya msafara ilikuwa langoni. Ndani alijilaza kijana wa benki aliyebanwa na misuli pale Mutonga, akinywa soda.

"Daktari, hii imekodishwa na waendeshaji," dereva alisema. "Nikiondoka na mtu aanguke mteremkoni, nitajibu nini?"

"Basi wewe, Riungu, mpeleke na gari."

"Gari liko Meru, daktari. Hapa nina baiskeli. Na mgeni rasmi yuko jukwaani anatungoja, tukizubaa ataondoka." Alikuwa amemshika dadake mkono, akiukanda. "Wewe ndiye daktari. Baki naye."

"Nikibaki nitafanya nini? Nitamkata kwa panga?"

"Bodaboda!" Kinya akapaza sauti. "Leteni bodaboda, nyinyi wanaume wa kaptula!"

Hapakuwa na bodaboda. Polisi walikuwa wamezizuia chini sokoni mpaka baiskeli zipite, kwa usalama.

Kila mmoja akamtazama mwenzake. Yamkini kama Gacheri angelia wakati huo, mmoja wao angeona haya. Lakini alikuwa mwenye boma, na mwenye boma hawaachi wageni wakisimama uani bila kujua la kufanya.

"Nendeni," alisema. "Msichelewe kwa sababu yangu. Riungu, funga hiyo kofia vizuri."

Walifarijika waziwazi. Wakapiga picha moja ya wote, yeye akiwa amekalishwa katikati kwenye kiti, soksi ikiwa imerudishwa. Kisha kengele zikalia, na nyuso arobaini za Gacheri zikateremka barabarani zikitabasamu.

Bodaboda zilipofunguliwa, Kinya alimpakia na kumshika kiuno njia nzima, mguu ule ukining'inia upande kama mzigo wa mtu mwingine. Hospitalini walimtundikia maji na kumlaza. Aliyekuwa na kisu alikuwa kwenye karamu ya kufunga msafara. Ndambiri alifika asubuhi, macho mekundu, akapandisha shuka, akaweka kidole juu ya goti.

"Hapa," alimwambia muuguzi, bila kumtazama mgonjwa.

Riungu aliingia wodini siku moja baada ya upasuaji, akakaa pale kitandani ambapo palikuwa tambarare. Alilia kama mtoto. Alisema walikuwa wamechangisha kuliko mwaka wowote, kisha akaona alichokisema akalia zaidi. Gacheri alimpapasa kichwa akamwambia amekonda, ale. Hakuna aliyemsikia akimlaumu, na Kinya, aliyetaka sana kusikia, alichukia hilo kuliko kupotea kwa ule mguu.

Gacheri alikuwa bado wodini, akijifunza kugeuka bila kuanguka, alipokuja msichana mwenye koti jeupe na kompyuta ndogo ya mkononi. Alijitambulisha kwa jina la Angeline. Alitumwa na utafiti, ule uliochangiwa na baiskeli, akaeleza kwa fahari. Walikuwa wanauliza wagonjwa waliokatwa viungo kwa nini walichelewa kufika hospitalini.

"Ni nini kilikuchelewesha, mama?"

"Nilikuwa na wageni."

Angeline alitelezesha kidole kwenye kioo, juu, chini. "Wageni haiko. Kuna umbali, kuna nauli. Kuna maombi na waganga. Kuna kutojua hatari ya ugonjwa."

"Andika wageni."

"Haikubali kuandika, mama. Inataka uchague." Alikuwa amesimama tangu asubuhi, na alikuwa na vitanda vingi mbele yake. Uso wake ulianza kuingiwa na wasiwasi, ule wa mtu aliyekuja kwako na hujui namna ya kumridhisha.

Gacheri alivuta shuka akamtengea nafasi ya kukaa, upande ule ule uliokuwa wazi.

"Chagua kutojua," alisema. "Usihangaike, mwanangu. Kaa kidogo upumzike."