Redio Iliyomsalimia Mama

Wifi yangu ni fundi wa redio na spika, na mtaani kwetu hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Zima Kwanza. Jina hilo lilitoka mdomoni mwake mwenyewe. Ukimwita nyumbani kwako kwa sababu spika inakoroma, kabla hajaketi, kabla hajapokea hata maji ya kunywa, atauliza swichi iko wapi, kisha atasema, "Zima kwanza." Watoto wakimwona anakata kona na begi lake la vifaa hupiga kelele, "Zimeni! Zimeni! Anakuja!" Naye huwanyooshea bisibisi kama askari, wakatawanyika kama vifaranga.

Mume wangu, ambaye ni mdogo wake, ndiye bingwa wa utani huo. "Huyu dada," husema, "siku ya kiama baragumu likilia, atawaambia malaika wazime kwanza akague waya."

Mimi nimemshikia tochi mara nyingi akiwa kazini, na sijamaliza kumshangaa. Hagusi mtambo wowote mpaka ameichomoa plagi ukutani na kuitia katika mfuko wa koti lake la kazi, waya ukining'inia kama mkia. Anasema swichi inaweza kuwashwa na mtoto, au na mgeni mwenye haraka, ila hakuna atakayetia mkono mfukoni mwake asijue. Halafu akishafungua kifuniko, hunyamaza na kungoja. Ndani ya redio kubwa mna vijitungi vinavyohifadhi umeme, na vinaweza kukupiga hata kama plagi imechomolewa. "Imezimwa," hunong'ona, "lakini haijakata pumzi." Hupima kwa mita, hungoja, hupima tena. Ukiwa karibu naye wakati huo nawe unajikuta umebana pumzi, kama mtu aliye karibu na mnyama mkubwa anayesinzia.

Kazi hiyo aliipata kwa ukaidi. Mama yake, yaani mama mkwe wangu, alikuwa mpenzi wa redio tangu ujana. Siku za kufua aliiweka dirishani, na kila alipopumzisha mikono aligonga ndoo kwa vidole, akiifuata ngoma ya wimbo bila kukosea hata pigo moja. Redio ile ilipokufa, binti aliipeleka kwa fundi wa mtaa wa pili, ambaye hakutaka wasichana kibandani mwake. Akakaa nje, mlangoni. Redio ilipopona aliirudisha nyumbani, na kesho yake akaja na redio ya jirani. Mwishowe yule fundi alichoka kumfukuza akampa ufagio, na baada ya ufagio akampa bisibisi. Mzee huyo alikuwa na kovu jeupe lililotambaa kutoka kiganjani hadi kiwikoni. Hakuwahi kusimulia alilipataje. Alilitazama tu, kisha akasema maneno mawili: zima kwanza.

Miaka ya karibuni masikio ya mama yalianza kuziba. Hospitali walituambia hayatarudi. Ukitaka akusikie, unapeleka mdomo kwenye sikio la kushoto na kupaza sauti, na bado atashika nusu ya maneno. Redio yake ndogo aliibandika sikioni, akaitikisa, akaibandika tena. Siku moja akaisukuma kando. "Na hii nayo imekuwa bubu," alisema.

Mume wangu hakuweza kuvumilia. Akatafuta redio kubwa iliyotumika kidogo, yenye mwili wa chuma, spika mbili ndefu na boksi moja nene la mdundo. Akampigia simu dada yake, ambaye alikuwa mji mwingine akifunga spika.

"Nisubiri," wifi akasema.

"Dada, ni kuchomeka tu. Kuchomeka nako kunataka cheti?"

"Mdogo wangu, nakuomba. Nisubiri."

Hakusubiri. Alifungua kifuniko akafuta vumbi, akakirudisha na skrubu zake. Kwa kuwa soketi ilikuwa mbali, alinunua ekstensheni barabarani, akaupitisha waya wake chini ya mkeka ili mama asijikwae. Mimi nilitandika kitambaa cheupe juu ya redio, nikaweka na chombo cha maua. Tukaona pamependeza.

Mama alikuja pekupeku. Ndani ya nyumba havai viatu. Anasema miguu ndiyo masikio yaliyombakia, kwa miguu anajua nani ameingia na nani ametoka. Mume wangu akawasha, madirisha yakatetemeka, jirani akagonga ukuta. Mama hakusikia kitu. Akanyoosha mkono akaugusa ubavu wa redio, pale penye chuma. Akaurudisha haraka. Akaugusa tena, na uso wake ukafunguka.

"Inanisalimia!" alisema. "Mwanangu, inanisalimia!"

Mume wangu alitoka nje, akasimama nyuma ya nyumba akifuta macho kwa mkono wa shati.

Tangu siku hiyo kila asubuhi mama alikwenda kupokea salamu zake. Aliita majirani waje waone. Jirani mmoja aliweka kiganja chake pale pale, kandambili zake miguuni, akasema hasikii lolote. Mama akacheka sana. "Wewe haikujui!" Nasi tulioweka mikono hatukusikia kitu, ila hatukushangaa. Tulisema hilo ni lake na redio yake. Tuliona muujiza umeingia nyumbani kwetu, tukatembea kwa adabu mbele yake.

Wifi alirudi asubuhi moja nimetoka tu kudeki, sakafu ingali inang'aa maji. Hakupata hata nafasi ya kutua begi. Mama alimshika mkono akamvuta sebuleni.

"Njoo uone anavyonisalimia."

Nilisikia kwamba redio sasa imekuwa mtu, haikuwa tena "inanisalimia". Wifi alikuwa akicheka. Kisha kicheko chake kikapungua. Kitaa cha redio kilikuwa kinawaka, lakini kitufe cha sauti kilikuwa kimezungushwa hadi mwisho, chini kabisa. Sebule ilikuwa kimya.

Akainamia sikio la mama. "Mama, haiimbi!"

"Hata akinyamaza," mama akajibu, kiganja chake kikiwa juu ya chuma. "Akinyamaza ndipo namsikia vizuri."

Wifi alitazama mkono wa mama. Akatazama nyayo zake juu ya sakafu iliyolowa. Nilidhani atamvuta. Hakumgusa. Alirudi nyuma, akaenda kwenye meinswichi iliyo kando ya mlango, akaishusha. Friji likakata mngurumo. Feni ikazunguka polepole, ikasimama.

Mama alibaki vilevile, mkono pale pale. Uso ukamnyong'onyea.

"Ameondoka," alisema.

Hakuwa amesikia swichi, wala hakuwa amegeuka. Lakini kitu kilichokuwa kikimsalimia siku zote zile kilikuwa kimetoka redioni umeme ulipotoka, naye alikisikia kikienda.

Mume wangu aliingia kutoka uani. "Nani amezima?"

"Na wewe unauliza?" nikamwambia.

"Dada! Hata salamu bado, umeshazima?"

"Salamu ninazo nyingi," wifi alisema. "Niambie kwanza. Redio isiyoimba inamsalimiaje mtu?"

"Si ule mtetemo wa muziki."

"Muziki upi?"

Mume wangu aliinama akakitazama kitufe cha sauti.

Tulimkalisha mama mbali, kwenye benchi lake la mbao dirishani. Wifi akarudisha umeme. Akatoa testa, akaijaribu kwenye soketi ya ukutani, maana testa mbovu nayo ni mwongo. Ikawaka. Kisha akaigusisha ubavuni mwa redio, pale pale mama alipokuwa akiweka mkono. Kitaa kidogo kilichomo kwenye mpini kikawa chekundu. Mume wangu alikitazama kama mtu aliyekuta nyoka kitandani mwa mtoto.

"Mbona sisi hatukusikia?"

"Nyinyi mna raba miguuni. Mama anakanyaga saruji, tena wifi yangu huyu hodari kwa kudeki." Hakutabasamu. "Leo huyo umeme anamsalimia. Siku angemshika mkono, asingemwachia. Nawe ungemkimbilia umvute, maana ni mama yako, na anayemshika aliyeshikwa naye hushikwa."

Akazima tena, akachomoa plagi, akaitia mfukoni. Mume wangu alishika tochi. Ndani ya kifuniko tuliona waya mmoja uliobanwa kwenye ukingo wa chuma siku ile ya kufuta vumbi. Ngozi yake ilikuwa imekatika, imebaki kama uzi. Kisha wifi akaifungua ekstensheni. Usoni ilikuwa na matundu matatu. Tumboni zilikuwamo nyaya mbili. Ule wa tatu, ambao kazi yake ni kuuchukua umeme uliopotea njia na kuupeleka ardhini, haukuwapo kabisa.

"Tundu la tatu wameweka la urembo," alisema.

Akabadilisha waya uliojeruhiwa. Akaisogeza redio hadi ukutani ili ichomekwe moja kwa moja, ekstensheni ikatupwa. Alitoka nje akakagua mahali waya wa ardhini wa nyumba unapoungana na fimbo iliyozikwa, akakwangua kutu, akakaza. Aliporudi akainua chombo cha maua kwa vidole viwili.

"Na shamba hili juu ya umeme ni la nani?"

"La mdogo wako," nikasema.

"Mwongo!" mume wangu akasema, na hapo tukacheka kidogo kwa mara ya kwanza.

Redio ikawashwa. Testa haikuwaka. Mita nayo ikakubali. Ndipo wifi akavua viatu, akasimama pekupeku kwenye sakafu iliyolowa, akaweka viganja vyote viwili juu ya chuma. Nilipiga ukelele.

"Nisipoanza kuweka wangu," alisema, "nitamwambiaje mama aweke wake?"

Mama akaja. Akaweka mkono. Akangoja. Akausogeza huku na huku, kama anayemtafuta mtu gizani.

"Mmemuua," alisema.

Hakupaza sauti. Alirudi kwenye benchi lake, akatugeuzia mgongo, akaficha mikono kwapani. Nilimpelekea chai, hakuitazama. Mume wangu alisimama katikati ya sebule, na nilijua hasira aliyonayo haikuwa ya dada yake.

"Angalau alikuwa na furaha," alisema.

Wifi alikuwa ameketi sakafuni kando ya begi lake. Fundi yule ambaye hajawahi kushindwa na redio hakujua ashike nini. "Nimemwokoa," aliniambia polepole, "na nimemnyang'anya."

Niliondoka kwenda kumaliza kazi jikoni. Ndoo iliyojaa maji ikaniponyoka, ikatua sakafuni kwa kishindo, bila kumwagika.

"Pole, mwanangu," mama akasema kule dirishani, mgongo wake ungali kwetu. "Imekuponyoka?"

Wifi aliinua kichwa. Akamtazama mama. Macho yakashuka hadi kwenye miguu yake, yakapanda hadi kwenye benchi.

"Wifi," alisema, "niletee mbao. Zozote. Na misumari."

Alilichukua lile boksi nene la mdundo, akaliinua juu ya matofali mawili ili maji ya deki yasilifikie, akalisukuma chini ya benchi mpaka likabana ubao wa juu. Mbele yake akaweka ubao mwingine wa kukanyagia, akauegemeza kwenye boksi. Waya hakuupitisha chini ya mkeka. Aliupandisha ukutani na kuubana kwa vibanio hadi kwenye redio, umenyooka kama mstari wa daftari. Mama alisogea akimpisha, bado amenuna, lakini miguu yake ilikuwa imeanza kusikiliza nyundo.

Mume wangu alinyoosha mkono kwenye kitufe cha sauti. Wifi akaupiga kofi.

"Kelele si sauti. Utaua masikio ya jirani, na mama hutamfikia."

Akakizungusha kidogo tu. Wimbo ulikuwa wa zamani, mmoja wa zile za siku za kufua. Mume wangu ndiye aliyeuchagua kwenye flashi yake. Mimi niliyekuwa hatua chache tu niliusikia kama watu wanaozungumza chumba cha pili.

Mama alishtuka. Akatazama chini. Akaweka viganja juu ya benchi, kila kimoja upande wake. Kisha vidole vyake vikaanza kugonga mbao. Mwanzoni vilichelewa. Halafu vikaikuta ngoma, vikaishika.

Wimbo ule una mahali ambapo ala zote hunyamaza ghafla. Nilisahau kabisa. Ulipofika pale, chumba kikawa kimya, na kidole cha mama kikawa tayari kiko juu, kimeinuliwa, kinangoja. Hakuna kilichokuwa kikitetemeka popote. Tulikuwa watu watatu wenye masikio mazima, na hakuna aliyejua ngoma itarudi lini. Mama akashusha kidole. Ngoma ikarudi chini yake, hapo hapo.

Mume wangu aliketi sakafuni kando ya benchi.

"Yule alikuwa wa salamu tu," mama akasema, machozi yakimtiririka, vidole havikomi. "Huyu ana habari."

Wimbo ulipokwisha, wifi alijifuta uso, akasema ataangalia kitu kimoja zaidi, ule waya kwa nyuma. Akaenda kwenye redio kama alivyozoea, mkono ukatangulia kwenye swichi. Mama alisikia hatua zake kwenye ubao.

"Mwanangu," alisema, bila kugeuka. "Usizime kwanza."