Kifungu cha Spea

Mama wa wizara ya nishati huvua viatu chini ya meza mazungumzo yanapoanza kuwa magumu. Wafadhili hawaoni, mimi mkalimani, niliyekaa ubavuni mwake, huona, na hapo najua kwamba hatutoki mapema. Vidole vyake vifupi huupapasa mkataba kama anayenyoosha shuka, na sauti yake haipandi kamwe. Leo wageni wanatoa mitambo ya umeme na minara ya simu kwa visiwa vyote, naye anadai kifungu kimoja tu: watuachie spea na wafundishe mafundi wa hapa. Bila hicho, mtambo ukiharibika utabaki chuma, na zahanati za visiwani zitarudia mishumaa.

“Dada, saini tu, cha kupewa hakichaguliwi,” bosi wake alimnong’oneza. “Mwomba chumvi huombea chungu chake, kaka,” mama alimjibu. “Changu nakijua.” Kiongozi wa wageni alitazama saa, akasema ndege yao inaondoka jioni. Nilipotafsiri, mama alifunika kalamu: “Mwambie wasichelewe. Sisi wenyeji hatuna safari.” Mgeni akacheka bila kupenda, akasema kifungu hicho lazima akiulizie makao makuu. Akaenda dirishani na simu yake, akaiinua, akaishusha, akahamia kona nyingine. Mama alimwacha amalize chumba chote. “Mwambie mnara wa hapa walitujengea wao,” aliniambia. “Umekufa betri, na za kubadilisha hatukuachiwa. Simu ya mezani iko ofisini kwangu. Nitampeleka, akawasomee wakubwa wake hicho kifungu neno kwa neno.”